Jibu Nitalifuata Jumapili

Lindi Mjini,
Jumatatu, 3 Juni 2024

Mjomba Severini,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za hapo Njinjo, na mkaza mjomba Rosalia anaendeleaje na mguu? Mimi mzima, mafua yameniachia juzi.

Mjomba, nina shida nawe, na safari hii si ya kunitumia mihogo. Utafiti wangu wa shahada ya pili umekubaliwa. Ni wa saikolojia. Nauliza mambo mawili tu: mtu anajuaje kuwa yeye ni mwanamke au mwanamume, na moyo wake unamwelekea nani, au haumwelekei mtu yeyote. Najua unacheka. Cheka, ukimaliza uendelee kusoma.

Kesho naweka mzigo kwenye basi, utashushwa Nangurukuru, bodaboda atakuletea. Ndani mna bahasha ishirini za kaki. Kila bahasha ina maswali na namba, haina jina. Wenyewe niliongea nao nilipokuja Pasaka, wakakubali. Orodha yao imo. Mimi siruhusiwi kuwahoji watu wa kijiji changu, kwa kuwa wamenijua tangu natambaa. Kazi yako ni kupeleka na kukusanya. Bahasha mpe mwenyewe mkononi. Akijaza ataibandika mwenyewe. Asiifungue mtu mwingine, hata wewe Mjomba. Hasa wewe Mjomba. Nimekuwekea moja ya mfano uisome, ujue unabeba nini.

Tena tuandikiane barua. Simu yako unaiweka spika kijiwe kizima kinasikiliza, na haya si ya kijiwe.

Mpwa wako,
Marietha


Njinjo,
Jumatatu, 10 Juni 2024

Mpwa wangu Marietha,

Marahaba sana, na milele amina. Rosalia anakusalimu, mguu umepona kiasi kwamba juzi alinifukuza nao. Ufuta umekubali mwaka huu. Mimi afya yangu unaijua, magonjwa yananiogopa.

Mzigo umefika hata kona haikukunjika. Mtu aliyetoa shaba Kolwezi, Kongo huko, akaifikisha bandarini bila kupungua kipande, utamfundisha nini juu ya bahasha ishirini? Nilikuwa utingo, ndiyo, lakini dereva alikuwa hakati kona bila kunitazama usoni. Basi Jumamosi nikanyoa, nikavaa lile koti la harusi yangu, maana kazi ya chuo kikuu haiendewi na kaptula.

Kumi na tisa nimewapa wenyewe mkononi. Ya ishirini ilikuwa ya Anjelina, yule fundi cherehani, binti wa Mzee Dominick. Hapo ikabidi nitumie akili. Mtu mzima na koti lake anaingiaje uani kwa Dominick, anampita mwenye nyumba kwenye benchi, anamkabidhi bintiye bahasha? Hata Lubumbashi hawafanyi hivyo. Nikampa mzee kwa mikono miwili. Nikasema, "Mzee Dominick, nimetumwa. Hii ni ya binti yako. Nakuomba usiifungue. Jibu nitalifuata Jumapili, si ya kesho, ile inayofuata."

Mpwa wangu, yule mzee alisimama! Na kiuno kile kinachomuuma! Akanishika mkono hauachii. "Wametoka wapi?" Nikamwambia Lindi. "Watu wa elimu?" Nikamwambia elimu kubwa. Akaita ndani niletewe kiti chenye mgongo, na chai ya maziwa. Sijawahi kuona mtu anayependa utafiti namna ile.

Ile karatasi ya mfano nimeisoma. Swali la tatu, "Ulijuaje kwamba wewe ni mwanamume au mwanamke?" nikajibu palepale, "Kwa kuangalia." Nikacheka peke yangu. Halafu usingizi wa mchana ukakataa kuja. Kwa sababu jandoni waliniambia, sawa. Lakini kabla hawajaniambia nilikuwa tayari najua. Sasa nani aliniambia? Darasa la tano niliacha mwenyewe kwa hiari yangu, na maswali ya kule hayakunifuata nyumbani. Hili limenifuata hadi shambani.

Mimi mjomba wako, mwajiriwa wa chuo kikuu,
Severini


Lindi Mjini,
Alhamisi, 13 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mengine baadaye.

Koti la harusi, mikono miwili, bahasha ya binti wa watu, "nimetumwa", "jibu nitalifuata Jumapili". Mjomba, isome tena barua yako mwenyewe polepole. Anjelina ana miaka thelathini na tisa na hajaolewa. Baba yake hakupokea utafiti. Amepokea posa! Wewe hapo ni mshenga!

Na barua ya posa na majibu yake husomwa na wazee. Alichoandika Anjelina ni siri yake. Aliniamini mimi. Akisomwa uani mbele ya watu, mimi nitaandika nini cha kumrudishia hilo?

Nimepiga simu yako mara tisa, haipatikani. Siwezi kumpigia mtu mwingine hapo bila kumtaja yeye. Barua hii nampa kondakta mkononi. Ukiipata, acha unachofanya, nenda kwa Mzee Dominick umwambie ukweli kabla ya Jumapili.

Marietha


Njinjo,
Jumatatu, 17 Juni 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima wa mwili.

Barua yako nimeipata leo saa nne asubuhi. Kondakta alipitiliza nayo hadi Dar, imerudi na basi lingine. Simu ilikuwa kwa fundi, kioo kimekufa. Nakueleza ilivyokuwa, sipunguzi wala siongezi, na unajua kutoongeza kunavyonitesa.

Zile kumi na tisa nilikuwa nimeshazikusanya; kwa Dominick nilifika jana baada ya misa. Uani wamekaa wazee sita, baba wadogo wa Anjelina, mikeka mipya, harufu ya pilau hadi barabarani. Nikajiambia, huyu Dominick mbona anautukuza utafiti hivi? Anjelina akatoka ndani na bahasha yake, ameibandika vizuri, anawashangaa wale wazee kama mimi. Nikanyoosha mkono. Baba yake akaidaka njiani.

"Jibu halipokewi kimyakimya namna hiyo."

"Mzee Dominick, hii siyo..."

"Severini, kaa. Mshenga leo hana maneno."

Mshenga! Ndipo kichwa kikanifunguka, nikiwa nimeshachelewa. Nikasimama tena, mzee mmoja akanivuta koti nikarudi chini. Dominick ameshaichana. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kusoma somo kanisani: "Namba ishirini."

"Ishirini ya nini?" mzee mwingine akauliza. "Bwana harusi ana wake kumi na tisa?"

Uani pakacheka. Akaendelea: miaka thelathini na tisa. "Mkweli huyo," wakasema. Kazi, kushona. "Hatakaa njaa." Akafungua ukurasa wa pili, akavuta pumzi asome, akasomea moyoni. Macho yalikuwa yanakwenda chini, yanarudi juu, yanakwenda tena chini. Anjelina alikuwa amesimama mlangoni ameshika fremu kwa mikono yote miwili, hakukimbia. Mzee akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati.

"Pilau inapoa," akasema.

Tulikula kama watu waliofiwa. Kilichoandikwa humo hakuna anayekijua ila baba na binti. Wazee wameondoka wakidhani posa imekataliwa. Mimi ninayesema kuliko redio nilikula nyama mbili nikarudi nyumbani. Nifanyeje?

Mjomba wako,
Severini


Lindi Mjini,
Ijumaa, 21 Juni 2024

Mjomba,

Nimeiripoti kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Nilipaswa. Wamesimamisha kazi ya Njinjo. Zile bahasha kumi na tisa zirudishe kwa wenyewe, zikiwa zimebandikwa, mkononi kwa kila mtu, tafadhali, bila koti.

Kosa ni langu pia. Niliandika "mpe mwenyewe mkononi" kama mtu asiyejua kwetu, nikasahau kwamba njia ya kumfikia binti inapita kwenye benchi la baba yake.

Lakini Mjomba, si mimi niliyeumia. Tasnifu yangu itaandikwa hata bila Njinjo. Yeye analala nyumba moja na mtu aliyeisoma karatasi ile. Nenda ukamwombe radhi. Usijitetee, usimshauri, usimpe habari za Kolwezi. Muulize anataka nini, halafu unyamaze. Na kuanzia leo usimtaje jina kwenye barua. Mwite Fundi.

Marietha


Njinjo,
Jumanne, 9 Julai 2024

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa barua yako ilikuja bila shikamoo; nimeihesabu hivyohivyo. Rosalia mzima. Ufuta tumevuna. Mimi hali yangu ni ya mtu aliyegombezwa na mtoto aliyempakata.

Kwa Fundi nilikwenda mara tatu. Ya kwanza alikuwa na mteja. Ya pili aliniona akageuza kiti. Ya tatu akasema bila kuinua macho, "Mjomba Severini, shika hapo kitambaa." Nikashika. Akashona sketi nzima ya shule, mimi nimeshika. Nikamwambia nimekukosea. Akasema, "Sana." Nikamuuliza, unataka nifanye nini? Mguu ukasimama kwenye cherehani.

"Umeuliza nini?"

Nikarudia. Akasema tangu avunje ungo mpaka leo ameambiwa cha kufanya na watu wasiohesabika, hajaulizwa. Basi anachotaka ni hiki: nikuandikie wewe yote aliyojaza, kwa sababu alikubali yakufikie, na hakubali yaishie mfukoni mwa shati.

Swali la tisa, moyo wako umewahi kumtamani mtu? Aliandika, "Sijawahi. Si mwanamume, si mwanamke. Watu nawapenda, watoto wa dada yangu nawapenda mno. Hilo lingine halijawahi kuja." Swali la kumi, umewahi kuambiwa ni ugonjwa? "Baba amenipeleka kwa waganga watano. Wanasema nimeolewa na jini mahaba, ana wivu. Nimechanjwa, nimefukizwa, nimeogeshwa njia panda. Nimevumilia kwa sababu nampenda baba. Mimi siumwi. Nimechoka kutibiwa."

Mpwa wangu, nilikuwa bado nimeshika kile kitambaa, akaniambia, "Achia sasa, unaloanisha."

Siku ya nne yake baba mtu akanifuata shambani. Karatasi ameisoma mpaka mikunjo imechanika.

"Severini, wewe umetembea."

"Nimetembea."

"Umewahi kuwaona wengine wa namna hii?"

Nilifungua mdomo nimwambie wamejaa, Lubumbashi wana mtaa wao. Nikaufunga. Nikasema, "Sijui." Neno hilo sikumbuki lini nililitumia mara ya mwisho. Ni kweli sijui, kwa kuwa sijawahi kumuuliza mtu. Tunduma nilikaa miezi miwili kwenye lori moja na dereva aitwaye Imani. Kwao alizaliwa binti, barabarani aliishi mwanamume, sote tukimwita Bosi. Tulichangia sufuria moja, tulikesha foleni ya mpakani tukicheka, na alikuwa anakata gia mpaka unatamani kulia. Sikumuuliza hata siku moja, "Bosi, wewe unajionaje?" Nilijiona muungwana kwa kutouliza. Sasa nahisi nilikuwa naogopa tu jibu refu. Wewe unadhani angenijibu?

Sasa sikiliza la haraka. Habari ya pilau imefika hadi mjini Mtama. Kuna Boniface, amefiwa na mke, ana mashine ya kukoboa. Amesikia kwamba nyumbani kwa Dominick wanapokea posa, ametuma salamu kuwa barua yake inakuja mwezi ujao. Ya kweli hii, ya mshenga wa kweli. Baba wadogo wameshafurahi. Mmoja ameshauri Fundi apelekwe kwa mganga wa sita kwanza, asafishwe, ili huyu wa sasa asikimbie. Mzee Dominick hajasema ndiyo wala hapana. Amenituma kwako na maswali matatu, kayahesabu kwa vidole: Wako wengine? Wangapi? Dawa ipo?

Jibu upesi. Mara hii usimpe kondakta.

Mjomba wako,
Severini


Lindi Mjini,
Jumatatu, 15 Julai 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, na ile niliyoruka juzi nayo shikamoo. Hamjambo wote? Barua hii anakuletea mwalimu anayekuja Njinjo likizo.

Mpe Fundi shukrani zangu. Mwambie karatasi yake kamati haitaihesabu, kwa kuwa ilifunguliwa njiani, lakini mimi nimeisikia.

Majibu ya mzee ni haya, msomee kama yalivyo. La kwanza: wako. Wanasaikolojia wameandika habari za watu wa namna hiyo kwa miaka mingi, wanawake kwa wanaume, wakulima, walimu, watu wazima wenye wajukuu. La pili: Uingereza waliwahi kuuliza watu zaidi ya elfu kumi na nane, na karibu mtu mmoja katika kila mia alijibu kama alivyojibu yeye. Hapa kwetu sijaona aliyewahesabu. La tatu: dawa haipo, kwa sababu hakuna kinachotibiwa. Kwa nini wako hivyo, sayansi haijui vizuri, nami sitajifanya najua. Wengine huoa au kuolewa wakakaa kwa masikilizano yao, wengine hawataki kabisa. Yupi yuko vipi, hilo halimo kwenye kitabu chochote. Anayelijua ni mwenyewe.

Umeniuliza habari za Bosi Imani. Sijui kama angekujibu. Ninaowahoji huku Lindi, wengi huanza kwa kucheka, halafu kimya, halafu wanaongea mpaka chai inapoa. Mmoja aliniambia hakuwa anangoja mtu wa kumwelewa, alikuwa anangoja mtu asiye na haraka.

Kwa hiyo kwa mzee usiwe na haraka. Msomee, umwachie.

Mpwa wako,
Marietha


Njinjo,
Jumatatu, 26 Agosti 2024

Mpwa wangu Marietha,

Marahaba mbili, zote nimezipokea. Sisi hatujambo. Rosalia anasema tangu nianze kazi yako nimekuwa mtu wa kuuliza maswali hadi kwenye mboga, na kwamba akitaka mwandishi wa habari ataolewa na mwingine.

Mzee nilimsomea. Akaniambia nirudie la pili. Nikarudia. Akaniambia nimwachie barua, nikamwachia. Jumapili kanisani, katikati ya mahubiri, akanigusa ubavu.

"Humu tuko kama mia tatu."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo wako wengine wawili."

"Mzee Dominick, nyamaza."

"Unadhani ni nani?" Shingo inazunguka kama feni, anawakagua watu benchi kwa benchi. "Padre je?"

"Padre ameweka nadhiri, hiyo hesabu nyingine."

Nilidhani anafanya mzaha. Tulipotoka nikaona macho yake mekundu. "Nilitaka nimjue mmoja tu," akasema, "akae naye waongee. Miaka yote hii alikuwa anaongea na cherehani." Tukatembea. Tulipofika kisimani akasema tena, "Watano, Severini. Wote watano walimwona jini. Hakuna hata mmoja aliyeniambia mmoja katika mia." Nikambebea fimbo yake.

Basi juzi Jumamosi barua ya Boniface ikaja. Mshenga wake anaitwa Xaveri, mtu wa Mtama, koti lake zuri kuliko langu, nakiri. Wazee walewale sita, mikeka ileile. Mimi nimealikwa kama shahidi, nimekaa pembeni, mdomo nimeufunga mpaka taya linauma. Xaveri akasema maneno yake, ameyapanga vizuri, akatoa bahasha kwa mikono miwili. Mzee akaipokea. Kila mtu anangoja miwani.

Hakutoa miwani. Akageuka kwenye mlango, akaita, "Anjelina." (Jina nalitaja, mwenyewe ameniruhusu, anasema la Fundi lilikuwa linamfanya ajione jasusi.) Akatoka na tepu ya kupimia shingoni. Baba yake akampa bahasha ikiwa haijafunguliwa.

"Yako hii."

Mzee mmoja akaruka. "Dominick! Mila gani hiyo?"

"Barua yake nimeshafungua moja. Inatosha."

Anjelina akaiangalia, akamwangalia baba yake, akaingia nayo ndani. Tulingoja. Xaveri anafuta jasho, wazee wanatazamana, mimi nahesabu kuku. Akarudi na bahasha nyingine, ameibandika, juu ameandika jina la Boniface kwa mwandiko wake ule wa kuandikia vipimo. Akampa Xaveri mkononi, akamshukuru kwa safari, akamwambia asiondoke bila kula.

Xaveri akageuka kwa mzee. "Tumesemaje, baba?"

"Sijui. Sijasoma."

"Hujasoma?"

"Imeandikwa kwenda kwa Boniface. Mimi siitwi Boniface."

Tulipomsindikiza Xaveri hadi kwenye pikipiki, tukarudi, mzee yule aliyeuliza habari za wake kumi na tisa hakuweza kuvumilia. "Haya, Dominick. Wageni wameondoka. Harusi lini?"

"Hakuna harusi. Na kwa mganga haendi tena, asije mtu kunitajia."

"Umejuaje hakuna harusi, na umesema hujasoma?"

Mzee alikuwa ameshaketi kwenye benchi lake, anatafuta fimbo.

"Nimemuuliza."

Mimi mjomba wako,
Severini